Dadu Chini ya Kikombe

Ngui alikuwa mtu wa fotokopi. Siku nzima alisimama nyuma ya mashine kwenye kichochoro cha River Road, Nairobi, akitoa nakala za vyeti na barua za kuomba kazi, vidole vyeusi kwa tona, ule unga wa wino. Ndiye aliyetutolea nakala ya kitabu cha sheria za mchezo wetu. Kurasa zote zilitoka safi isipokuwa moja, ile ya sheria za kujificha, ambayo mashine iliikata mistari minne ya chini. Tulipogundua, kitabu chenyewe kilikuwa kimesharudi Uingereza na mwenyewe, binamu wa mwenzetu Gurdeep.

Tulikuwa watatu. Kila Jumamosi alasiri tulikutana Ngara, juu ya duka la vitambaa la babake Gurdeep. Gurdeep alisimulia hadithi, mimi na Ngui tukasema watu wetu wanafanya nini ndani yake, na dadu ya nyuso ishirini ikaamua kama wamefaulu. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, pole. Gurdeep hakuwahi kudanganya namba, hata ya kumwokoa mtu. Mimi Njuguna ni karani wa wakili, na kubishana ndio ugali wangu.

Jumamosi ile ya mwaka 2004, mwizi ambaye Ngui alimcheza alikuwa amejibanza ghalani nyuma ya magunia, walinzi wako njiani.

"Narusha, naona," Ngui akasema. "Namba ikiwa mbaya natoroka mapema."

"Apana!" nikamkatiza. "Mtu akijificha hajui kama kisigino chake kinaonekana. Hutaona dadu."

"Sheria imesema hivyo wapi?"

"Sheria si uliikata na mashine yako?"

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa akikohoa sana siku hizo, na shati lilianza kumning'inia. Alisema ni vumbi la tona. Ningependa kusema tulimuuliza tena na tena, lakini tuliuliza mara moja tu.

Gurdeep akaamua: Ngui arushe, dadu ifunikwe papo hapo na kikombe cha chuma, na isifunuliwe mpaka mtu aje kutafuta. Ngui akarusha, Gurdeep akafunika.

"Sasa mtu ajifiche na hata hajui kama amefichika?" Ngui alikasirika kwelikweli.

"Kujificha ni kazi yako," nikamwambia. "Kutafuta ni kazi ya wengine."

Babake Gurdeep alikuwa anafunga duka, tukaachia hapo.

Jumamosi iliyofuata Ngui hakuja. "Amenuna," nikasema. "Atarudi mwenyewe." Naishi Uthiru. Kwenda kazini napita Kangemi, kurudi napita Kangemi, na chumba cha Ngui kilikuwa dakika tano kutoka steji ya matatu. Wiki tatu nilipita pale asubuhi na jioni, na sikushuka hata siku moja.

Aliyemkuta kitandani ni mamake, Milcah, aliyesafiri kutoka kwao Mwingi. Alimpeleka hospitali. TB ilikuwa imekula mapafu yote mawili, na baada ya siku nne akafa.

Kwenye mazishi mzee mmoja akatikisa kichwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wacha nikasirike! Methali hiyo inamlaumu mgonjwa peke yake. Sisi tuliokaa naye meza moja hatuna methali yetu?

Kikombe kilibaki pale mezani. Kamla, mamake Gurdeep, alipangusa vumbi akikizunguka. Tulijaribu kucheza wawili, tukashindwa. Kila hadithi ilipokaribia lile ghala, Gurdeep aliipeleka kwingine. "Walinzi hawajafika," alisema, bila kuniangalia. Kwake yeye, kikombe kisipofunuliwa, Ngui bado yuko nyuma ya magunia. Nami nilisikia kikohozi kwenye kile kiti kitupu, mchana kweupe, nikawa nakaa karibu na mlango. Nilikiogopa kikombe kwa sababu yangu. Namba ikiwa kubwa, basi alijificha vizuri na hakuna ambaye angemwona, sina lawama. Ikiwa ndogo, Mungu wangu.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, Milcah alikuja kuchukua koti na daftari za mwanawe. Akakiona kikombe.

"Hicho ni cha nini?"

Gurdeep akamweleza taratibu, kwa heshima, tangu magunia mpaka kikombe. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mpaka leo hakuna mtu ametafuta?"

"Hakuna, mama."

Akanigeukia mimi. "Funua."

Nilifunua. Ilikuwa mbili. Hata ukiongeza ujuzi wote wa yule mwizi, mlinzi mlevi angemwona kutoka mlangoni.

"Ni nzuri?" akauliza.

"Nzuri sana, mama," nikasema. "Alijificha vizuri. Hakuna mtu angemwona."

Akamtazama Gurdeep. Gurdeep, ambaye hajawahi kudanganya namba, akainamisha kichwa. "Ni kweli, mama."

Milcah akaokota ile dadu, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Mimi nilimpigia simu," akasema. "Akaniambia yuko sawa. Akakohoa mara moja. Asubuhi nikapanda basi kuja huku."

Kisha akakisimamisha kikombe wima, akaomba maji ya kunywa.