Zaituni wa Chumbi, aliyelipatia jarida milango miwili

Akili yangu imegoma. Jana tumemzika Zaituni pale Chumbi, na leo asubuhi nimemtumia voice note kumuuliza kaamkaje.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ni moyo, ule ule uliomsumbua tangu mdogo. Ila hapa siandiki habari za ugonjwa. Nimelia vya kutosha, sasa nataka kumsifia rafiki yangu, na atakayeona nimezidisha apite tu.

Wengi wenu mnamjua Zai wa juzi, designer anayegombaniwa. Mimi namjua Zai wa chuo, mwenye masomo ya kurudia, aliyebakiza project moja tu. Akiifeli hiyo anadisco, yaani chuo kinamrudisha nyumbani moja kwa moja. Na baba yake alishamwambia: "Ukishindwa rudi mwanangu, shamba la mpunga lipo."

Hakuna kitu Zai alikiogopa kama hilo shamba.

Project yenyewe ilikuwa kutengeneza jarida la muziki, wawili wawili. Tukapangwa pamoja, yeye wa Chumbi, mimi wa Kibiti. Tukaamua tuandike muziki wa kwetu: kaswida na dufu za maulidi, halafu na singeli ya vijana wa stendi.

Draft ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Fonti saba kwenye ukurasa mmoja, utadhani duka la kanga. Nikamwambia. Akaninunia siku nzima, kisha akazifuta zote akabakisha mbili.

Halafu ikaja ile ya stepla. Tumeprint nakala ya kumwonyesha Madam, mwalimu wetu wa layout, yaani kupanga kurasa, Zai akabana pini upande wa kulia. Kulia kabisa. Madam akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena. "Zaituni, hili jarida lako linafunguliwa wapi?"

Darasa zima likacheka. Mimi pia, mbavu sina. Zai hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mbona mimi naliona liko sawa?"

Wiki ile tukaenda kwao Chumbi kupiga picha. Tulibeba nakala nyingine, hii imebanwa inavyotakiwa. Shangazi zake walikuwa uwani wanapepeta mpunga. Zai akampa mmoja, akakaa pembeni. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake: haelezi kitu, anakupa kazi yake mkononi anaangalia macho yako yanakwenda wapi.

Shangazi akafuta mikono, akaligeuza, akaanzia ukurasa wa mwisho. Akampa mwenzie. Naye vile vile. Wa tatu vile vile.

"Umeona?" Zai akaniuliza.

"Nimeona nini?"

"Wanaanzia kulia, kama msahafu. Sisi wote kitabu cha kwanza tulifunguliwa madrasa. Hata wewe, jana nimekuona."

Nikabisha. Akaniwekea jarida mapajani, mkono wangu wenyewe ukaligeuza, ukaanzia ukurasa wa mwisho. Shangazi zake walinicheka mpaka ungo ukamwagika.

Basi hapo akapata wazimu wake. Jarida liwe na cover mbili. Ukifungulia kushoto unaingia kwenye singeli, pinki na njano zinazopiga kelele. Ukifungulia kulia, kama msahafu, unaingia kwenye kaswida, kurasa nyeupe, zimetulia, maandishi yana nafasi ya kupumua. Zikutane katikati.

Niligomba jamani. "Deadline hii hapa, wewe unavunja nyumba tuanze msingi? Unataka kudisco?"

"Afadhali nidisco na langu," akasema, "kuliko kupita na jarida ambalo shangazi yangu analiingilia mlango wa uani."

Kilichotutesa ni kurasa za katikati. Ukiweka msanii wa singeli kifua wazi akatazamana na ustadhi, umeshajitafutia maneno Kibiti nzima. Tulijaribu picha za mto, tukajaribu maandishi, kila kitu kilikuwa kinapwaya. Mwisho Zai akakata picha zote akabakisha mikono. Upande huu kiganja cha mpiga dufu, upande huu vidole vya kijana wa singeli juu ya kompyuta. Neno hata moja hakuweka. Nilipoiona nikaacha kugomba, nikaenda kuiprint.

Siku ya presentation alikuja mtahini wa nje, baba mmoja wa suti, uso umekaza. Zai akampa jarida, hakueleza chochote. Yule baba akaliangalia, akafungulia kulia.

Akasoma. Taratibu, ukurasa kwa ukurasa, sisi tumesimama pale kama tumepigwa picha. Akafika kwenye mikono, akapitiliza, akakutana na pinki, akashtuka.

"Samahani," akasema, "kumbe nimeanzia nyuma."

"Hapana sir," Zai akajibu, "hilo jarida halina nyuma."

Ilikuwa A, watu wangu. Mwenye masomo ya kurudia alipata A, na Madam akaomba nakala yake. Zai akampigia baba yake simu pale pale koridoni: "Baba, shamba tafuta mtu mwingine." Mzee alicheka mpaka mimi nilimsikia.

Zai, sasa nasema na wewe. Lile jarida Madam alilifanya la chuo, wadogo zetu bado wanalitoa kila mwaka, na bado lina cover mbili. Zile kurasa za katikati wanaziita "kwa Zai". Majuzi nilipita, nikamsikia binti mmoja anamuuliza mwenzie, "Kwa Zai mwaka huu tunaweka nini?" Hakujui. Anadhani ni neno la kazi, kama cover, kama fonti.

Sikumsahihisha, shosti. Mungu akupokee vizuri. Lala kwa raha zako, ulifaulu.