Miwani ya polarized ya baba mkwe, na karatasi aliyokataa kuibandua

Wakuu, habari za Jumapili. Wadogo zangu salamu, na wakubwa zangu kama mmebaki humu, shikamooni.

Juzi kijana mmoja alianzisha uzi akiuliza achague miwani gani ya kuvulia samaki bwawani na kuendeshea baiskeli. Majibu yalinichekesha. Mmoja kamwambia anunue yoyote mradi iwe nyeusi tii. Mwingine kamwambia avae kofia, aache ushamba. Wa tatu kamuuliza kwanza kama ana mke.

Huyo wa tatu alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani, maana mimi mke nimempata kwa miwani.

Siwezi kuongeza chumvi. Mwenyewe aliyeolewa yuko hapa sebuleni anachambua mchele, na kila nikicheka ananiuliza naandika nini.

Basi twende.

Ni miaka ile ya Ujamaa, tena ile ya bidhaa kuadimika. Kanuni yetu ilikuwa moja: ukiona foleni, panga kwanza, utauliza ukifika mbele. Watu wamewahi kupanga wakidhani ni sukari, wakatoka na betri za redio. Na walizifurahia.

Mimi Mzaramo wa Kisarawe, Mlutheri, nimepanga chumba Ilala, kazi yangu karani wa stoo. Nilikuwa nimempenda Anjela, binti wa Kichaga ambaye baba yake alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Tulikutana kwaya. Yeye sauti ya kwanza, mimi besi, na mwalimu wa kwaya alisema besi yangu ni ya kusindikiza tu.

Anjela alikuwa anamaliza chuo cha ualimu. Mwezi uliofuata angepangiwa kituo mikoani, na enzi zile ukipangiwa Tunduru unaenda Tunduru, hakuna cha memo wala mjomba. Nilitaka wazee wangu wapokelewe kwao kabla hajaondoka. Nilijua kabisa huko aendako walimu wakuu wasio na wake hawakosekani. Usingizi ulikuwa haunijii.

Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Elia.

Wala hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua pa kuanzia. Huyu kila ukikaribia kugusia habari za binti yake, anaanza habari za samaki. Anakwambia perege wa bwawani ana akili kuliko mwanasiasa, halafu anakuaga kwa heshima zote.

Mzee alipenda kuvua kwa ndoano. Kila Jumapili, ibada ya kwanza ikiisha, anapanda pikapu yake mpaka bwawa moja la shamba la mkonge, upande wa Ruvu. Na ilibidi awahi kurudi, kwa sababu wakati huo kulikuwa na amri ya kubana mafuta: Jumapili kuanzia saa nane mchana, gari binafsi barabarani marufuku.

Tatizo ni kwamba alikuwa hapati kitu.

Lile bwawa maji yake yalikuwa maangavu. Perege dume huchimba kishimo chake pale kwenye kina kifupi na kukaa juu yake analinda, kwa hiyo mvuvi akimwona anamshushia chambo puani. Lakini upande pekee usio na tope ulikuwa unatazama jua. Maji yanawaka kama bati jipya. Mzee anakunja uso, macho yanamtoka machozi, anarusha ndoano kwa kubahatisha.

Halafu akirudi anapitia soko la Feri, ananunua samaki, anampelekea mkewe anasema nimevua.

Wakuu, Feri wanauza samaki wa baharini. Mama Anjela alipokea vibua kutoka bwawani, akapokea changu, siku moja akapokea pweza. Siku ya pweza ndiyo aliyouliza kwa upole, "Baba Anjela, hilo bwawa limeingia chumvi lini?"

Toka hapo nyumba nzima ilikuwa ikimcheka chini chini. Anjela alinieleza kwamba ile kejeli ilimuuma baba yake kuliko alivyoonyesha. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikamfuata dukani, nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, nitakuletea miwani."

Akaniangalia. "Miwani ya kusomea ninayo, kijana."

"Ya kukata ule mng'ao wa maji, mzee."

Akanikaribisha kwenda naye Jumapili. Nilitoka pale nakanyaga hewa.

Sasa hapa msome kwa makini, nyie mnaoshauri "mradi nyeusi".

Nilimpelekea miwani yangu ya disko. Nyeusi hiyo, ukiivaa mchana unatafuta kibiriti. Nilidhani miwani ikiwa nyeusi zaidi ndivyo inavyokata jua zaidi. Mzee akaivaa, akasogea ukingoni, akatafuta bwawa. Mng'ao ulikuwepo vilevile, ila sasa ulikuwa mng'ao gizani. Akapiga hatua moja mbele, mguu ukazama kwenye tope mpaka gotini. Mguu tuliuokoa. Kiatu kiko kule mpaka leo.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika Magomeni ndipo aliposema, "Kijana, mtu asiyejua kuchagua miwani, mke atamchagua vipi?"

Nilitaka kumwambia kwamba niliyemchagua ni binti yake, kwa hiyo hapo anajitukana mwenyewe. Nikameza mate. Nilikuwa nimebakiwa na Jumapili moja tu kabla ya Anjela kuondoka.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Gerezani kwa Shebe. Huyu alikuwa anajuana na mabaharia wa meli za nje, na chochote kilichoshuka bandarini bila kuonekana, Shebe alikuwa amekiona. Nikamweleza shida yangu. Akatoa miwani ya lenzi za kahawia, wala si nyeusi sana, na kwenye lenzi ya kulia pana kijikaratasi cha rangi ya dhahabu kimeandikwa POLARIZED.

Nikamwambia, "Hii mbona nyepesi? Mimi nimeshaumwa na nyoka."

"Ndugu yangu, weusi si kazi. Njoo nje."

Akanipeleka kwenye dimbwi lililokuwa linamulikwa na jua mbele ya karakana moja. "Vaa. Tazama maji. Sasa inamisha kichwa pole pole, kama unamsikiliza mtu mfupi."

Nikavaa. Wakuu, nilivyosimama wima mng'ao ulikuwa umekufa, naona mpaka parafujo iliyotupwa chini ya maji. Nikilaza kichwa begani, mng'ao unarudi wote. Nikiinua, unapotea. Nikarudia. Nikavua nikampa Shebe naye ajaribu, kisha tukabadilishana tena. Tulikuwa tunapinda shingo kama kuku waliosikia mwewe.

Nikasikia mtu nyuma yangu anauliza, "Wanatoa nini hapa?"

"Sijui," akajibu mwingine, "ila wewe panga."

Nageuka, foleni imefika kona. Mama mmoja ameshika kibuyu cha mafuta, mwingine ana mfuko wa unga. Shebe akapauka, maana biashara yake haikuhitaji mashahidi wengi kiasi kile. Tukamalizana uchochoroni: yeye akachukua viatu vyangu vya raizoni, vile vya soli nene, mimi nikachukua miwani. Nilirudi Ilala na ndala za kuazima, mfupi kuliko nilivyotoka.

Jumapili ikafika. Mzee alipoiona ile karatasi ya dhahabu akafurahi kweli. Nikamwambia nimbandulie.

"Ubandue? Watu watajuaje kwamba ni mpya?"

Msicheke. Enzi zile kitu kipya hakibanduliwi kitu. Kiti kilikaa na nailoni yake, redio na karatasi yake ya dukani, saa na plastiki yake mpaka ikachakaa ikiwa imevaa. Karatasi ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba umepata. Mzee alikwenda nayo ibadani, akashiriki meza ya Bwana na POLARIZED jichoni.

Tulipofika bwawani akakaa mahali pake na miwani yake. Jicho la kushoto linaona mpaka chini. Jicho la kulia linaona karatasi. Na ndoano yake, kama ilivyokuwa desturi yake, huirusha kulia.

Mimi nimesimama nyuma yake. Naona kizibo chake, kile cha kuelea, kinazama kabisa. Kinaibuka. Kinazama tena. Mzee ametulia, anatazama kushoto kwa fahari.

"Leo wamekataa," akasema.

Wakuu, hebu jiwekeni pale. Ukiwa mkwe mtarajiwa humwambii mzee wa watu kwamba ana karatasi jichoni. Nikinyamaza, anarudi mikono mitupu, tunapitia Feri, na mimi ndiye niliyeleta miwani mara mbili na mara mbili imeshindwa. Nikisema, nimemuumbua. Jua linapanda, saa nane inakuja, na Anjela anafunga mizigo.

Nikamwambia, "Mzee, naona vumbi kwenye miwani. Niruhusu niifute."

Akanipa. Nikageuka, nikafuta kwa shati, nikaingiza ukucha. Ile karatasi ikatoka nzima nzima. Nikaificha mfukoni na kumrudishia miwani yake.

Akaivaa. Akainama kuelekea majini. Kisha akaninong'oneza kana kwamba samaki wanasikia:

"Kumbe wako hapa miaka yote hii."

Alipata wanne. Yule wa kwanza alimshika kwa mikono miwili, akamtazama uso kwa uso kama mdeni wake. Mimi nilifurahi mpaka nikasahau shida iliyonipeleka.

Na wote wawili tukasahau saa.

Tulipokumbuka ilikuwa tumeshachelewa. Tulikimbiza pikapu mpaka Kimara, saa nane ikatukuta hapo, ikabidi tuiache uani kwa msharika mwenzake, tukapata basi mpaka Magomeni na kumalizia kwa miguu. Kwake kulikuwa karibu tu, tukishavuka Jangwani tumefika. Lakini mzee alichukua njia ya mbali, akazunguka mpaka Mnazi Mmoja ndipo akarudi Kariakoo, samaki wananing'inia kwenye ukambaa wa mkonge, miwani usoni. Kila duka lililokuwa na mtu barazani alisimama kusalimia.

"Mzee Elia! Leo Feri kuna perege?" mmoja akamtania.

Mzee aliwanyanyua samaki kidogo tu ili waonekane vizuri.

Tukaingia nyumbani. Mama Anjela akatoka jikoni, akawatazama wale samaki, akamtazama mumewe.

"Leo umenunua wapi?"

"Nimevua."

"Na gari liko wapi?"

"Kimara."

"Kwa hiyo umeuza gari ukanunua samaki."

Anjela yuko mlangoni, kajifunika mdomo kwa khanga. Mzee akanigeukia, uso umemwiva. "Kijana, sema wewe! Sema ulichokiona!"

Nikasema, "Shikamoo mama. Ni kweli, mzee kawavua mwenyewe, nilikuwa nyuma yake."

Mama akanipandisha na kunishusha, akaishia kwenye zile ndala za kuazima. "Marahaba. Na wewe ni nani hata nikuamini?"

Mzee akapaza sauti, "Huyu ni mkwe wangu!"

Mama akaacha kuzitazama ndala.

Nadhani na yeye alisikia alichokisema. Alinitazama, akawatazama samaki, akaona kwamba akilirudisha lile neno, shahidi wake hana tena uzito. Akavua miwani taratibu. "Wazee wako waje Jumamosi," akasema. Mama Anjela akapokea ule ukambaa. Anjela alikuwa ameshakimbilia jikoni.

Usiku huo perege tuliwala, na ile karatasi nilimrudishia. Aliibandika tena kwa uji mzito. Utaratibu wake ukawa huo hadi mwisho wa maisha yake: kanisani inakaa, bwawani inatoka.

Nilichojifunza, na kijana wa ule uzi achukue chake hapa. Weusi wa lenzi na polarized ni vitu viwili. Nyeusi inapunguza mwanga wote, polarized ndiyo inayoua ule mng'ao unaoruka juu ya maji, na hakikisha inazuia pia miale ya UV. Kwa mtoni, bwawani au siku ya mawingu, kahawia inakuonyesha vizuri. Kwa jua kali la wazi, kijivu haidanganyi rangi. Kwenye baiskeli angalia, maana inaweza kukuficha ule mng'ao unaokuonya kwamba lami ina maji au oili. Kuipima siku hizi ni rahisi: izungushe taratibu mbele ya kioo cha simu iliyowashwa. Simu nyingi zitafifia au kuzima kabisa ikifika pembe fulani. Zungusha mpaka mwisho, na ukiona hakuna kilichobadilika, jaribu na dimbwi kabla hujamshutumu muuzaji.

Halafu ubandue karatasi. Nawaona barabarani na miwani zenu na kofia zenu zina stika, mnajiona wa kisasa. Mzee Elia aliwatangulia.

Anjela amekuja kusoma nyuma ya bega langu. Anasema nirekebishe, wale perege walikuwa wadogo, wawili mama aliwapa paka. Anasema pia Tunduru alikwenda kweli, na mwalimu mkuu asiye na mke alimkuta.

Miaka yote hii hajawahi kuniambia hilo. Namuuliza ikawaje, anacheka, anarudi kwenye mchele wake.

Karibuni kwa maoni wakuu. Mwenye ndugu aliyewahi kufundisha Tunduru enzi hizo, tafadhali anitafute pembeni.