Siku Tuliyomhamisha Mchungaji Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja mlango wa kabati la watu kabla sijajua hata jina la mtaa tuliopo. Ilikuwa Tandale, nyuma ya soko. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nina miguu mizuri na mdomo mrefu. Miguu ikanipa kazi, mdomo ukataka kuninyang'anya siku hiyohiyo.

Nyapara, ndiye mkubwa wa sie makuli, alinisimamisha mbele ya lile kabati akaniuliza, "We dogo, kabati linatoka mlangoni kwa miguu au kwa kichwa?"

"Kwani linazaliwa?" nikamjibu.

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kanga kuukuu, akaiviringa ikawa ngata, ile ya kuweka kichwani mzigo usikuumize, akanibandika mwenyewe. "Kuanzia leo utaongea kwa mgongo," akasema. Nikalibeba kwa kichwa, mlango ukagonga kizingiti, ukabaki mlango nusu. Tangu hapo najua: kabati linatoka kwa miguu.

Nyie mnaoita gari kwa simu hamtaelewa, ila zamani mtu wa Dar kuhama ilikuwa mkokoteni mmoja tu. Kitanda, sanduku, jiko, basi, kaya imekwisha. Ikaja ile miaka ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa. Watu wakaanza kuingiza masofa, mafriji, televisheni ambayo mtaa mzima unaikalia kama msiba. Wakaanza na kujenga mbali, huko Kibamba tulikokuwaga tunakuita porini. Tajiri mmoja akanunua lori kuukuu la tani saba, akamchukua Nyapara, Nyapara akachukua watu watatu, na mie nikiwemo, nadhani kwa sababu nilikuwa namchekesha Dereva asisinzie.

Kupakia nyumba ni ufundi. Vizito vinakaa nyuma ya kichwa cha gari, vyepesi juu. Kitanda unakifungua, misumari yake unaitia kwenye soksi, soksi unaifunga kwenye ubavu wa kitanda hichohicho, maana nimeona ndoa ikitikisika kwa msumari mmoja uliopotea. Vyombo vya udongo unavilaza ndani ya nguo. Jiko, mkaa na sufuria vinapanda mwisho ili vishuke kwanza. Nyapara alikuwa anasema, "Nyumba haijafika mpaka mama aweke maji motoni."

Katika kaya zote tulizohamisha, ngumu zaidi ni za wachungaji. Sio kwa uzito, wengi wao vitu vyao ni vitabu na watoto. Ugumu ni kwamba nyumba si yao. Nyumba ni ya kanisa, na vitu vingine ndani ni vya kanisa, kwa hiyo kabla ya kushika hata stuli lazima kuwe na makabidhiano.

Basi Jumamosi moja asubuhi tukafika Temeke, kwa Mchungaji aliyehamishiwa Kibamba. Mtu wa bara, mpole, anaita kila mtu ndugu, hata mbwa nadhani. Mzee wa Kanisa akatupokea na daftari. "Sikilizeni," akasema. "Chenye alama ya rangi nyeupe ni cha kanisa, kinabaki. Kisicho na rangi ni cha Mchungaji, kinapanda. Msiniulize kila dakika."

"Na wewe, Mzee, una rangi?" nikamuuliza.

"Mie nabaki," akasema, hata hakuinua macho.

Uani kulikuwa na kwaya inaimba ya kuaga, akina mama wanaleta kuku na mafungu ya mchele, mtoto wa Mchungaji anaitwa Neema kang'ang'ania mlango. Mama yake, ambaye kanisani ni Mama Mchungaji na mtaani ni Mama Neema, alikuwa anapokea zawadi huku macho yake yapo kwenye uzio wa makuti wa jirani. Uzio ulikuwa na upenyo wa mtu kupita, lakini upenyo umezibwa kwa bati.

Akaniita pembeni. "Mdogo wangu, zunguka mbele, gonga mlango wa bluu. Mwambie Bi. Zuhura ndiyo tunaondoka."

Nikazunguka. Akatoka mama mtu mzima, kajitanda kanga, mikono ina unga. Nikampa shikamoo, nikasema nilichotumwa.

"Mwambie nimesikia," akajibu. "Nimesikia zamani, bombani, pamoja na watu baki." Akafunga mlango taratibu, jambo lililonitisha kuliko kama angeubamiza.

Mwanakwaya mmoja ndiye aliyenifungulia habari wakati tunakunja mikeka. Barua ya uhamisho inapotoka kwa Mkuu wa Jimbo, Mchungaji haruhusiwi kuisema mpaka itangazwe ibadani. Mkewe naye akanyamaza wiki tatu. Na huyu Bi. Zuhura, Mwislamu wa hapohapo Temeke, alikuwa amepika naye uani miaka minane. Neema kazaliwa mikononi mwake, mvua inanyesha, gari hakuna. Halafu habari ya kuhama anakuja kuisikia kwenye foleni ya maji. Akaziba uzio, na maneno yakaishia hapo.

Sie tukaendelea kupakia. Sala ikasaliwa, watu wakalia, Mama Neema akausogelea ule uzio, akasimama. Mlango wa bluu haukufunguka. Akapanda mbele na mumewe na mtoto, tukaondoka.

Dereva alikuwa na desturi ya kusimama Ubungo kukaza kamba kabla ya kuishika barabara ya Morogoro. Tukasimama. Mama Neema akashuka kunyoosha miguu, akazunguka nyuma, akaikagua mizigo.

"Mdogo wangu," akaniita. "Kile kinu umekitoa wapi?"

"Uani, mama. Hakikuwa na rangi."

"Hakina rangi kwa sababu si cha kanisa wala si changu. Ni cha Bi. Zuhura."

Nikahisi ile ngata inanibana na wala sijaivaa. Kumbe kinu kilikuwa kinalala upande wa Mchungaji kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli, na wote wawili walikuwa wanatwangia hapo. Mzee wa Kanisa alijua rangi, hakujua majirani.

Mchungaji akashuka. "Mama Neema, Jumatatu nitamtuma mtu akirudishe."

"Jumatatu tutakuwa tumeiba," mkewe akasema. "Leo bado tumekosea."

"Waumini wa Kibamba wanatusubiri tangu saa sita."

"Na waimbe. Baba Neema, nimemficha safari, halafu nimembebea kinu. Nitasimamaje mbele ya akina mama wa Kibamba niwafundishe upendo?" Akakaa chini, palepale pembeni ya barabara, na gauni lake la kuagwa.

Dereva akasonya, akataja dizeli. Nyapara akamtazama yule mama, akanitazama mie, akamwambia Dereva, "Geuza. Tajiri akiuliza, sema kamba ilikatika."

"Ndugu, msiseme uongo kwa ajili yetu," Mchungaji akasema.

"Basi sema Mchungaji alisahau kitu," Nyapara akajibu, na hilo likapita.

Tuliporudi, mtaa mzima ulitoka. Kuna mwanaume alikuwa anauza mkaa, akatuuliza vipi tena. Nikamwambia tumebeba kinu cha watu kwa bahati mbaya, tunarudisha.

"Mnarudisha nini?" akashangaa. "Watu walimwambia Bi. Zuhura wamekubebea kinu hao, akasema amewapa. Kasema mbele yetu wote, nimewapa kwa mkono wangu."

Mama Neema alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Akaenda mwenyewe kwenye mlango wa bluu, sie nyuma yake na kinu, mie nimeshika mchi kama askari. Mlango ukafunguka.

"Umewaambia watu umenipa," Mama Neema akasema.

"Ulitaka niseme nini? Niseme mke wa Mchungaji mwizi?" Bi. Zuhura akajibu. "Wangenicheka mie, niliyekula na mwizi sahani moja miaka minane."

"Nisamehe, dada."

"Kwa kinu nimekusamehe. Kwa ile nyingine bado."

"Nilikatazwa kusema."

"Na nani?"

"Na kanisa."

"Kanisa ndilo lililokuzalisha?"

Mama Neema akajifuta machozi kwa kiganja. Bi. Zuhura akamwangalia mpaka wenzangu wenye kinu mabega yakaanza kuwaungua. Halafu akasema, "Nyie, tueni hicho kitu, mtavunja viuno." Akaingia ndani. Tukadhani ndiyo imeisha. Akatoka amevaa buibui, ameshika mkoba.

"Unakwenda wapi?" Mama Neema akauliza.

"Mtu akihama hasindikizwi? Twende nikaone wanakokutupa."

Mbele hapakutosha. Mchungaji akashuka bila kuambiwa, akapanda juu ya mizigo na sie, tai yake inapepea, kuku mapajani. Kibamba tulifika jua limepungua, kwaya imechoka, wakakimbilia mlango wa mbele wa lori na matawi yao kumpokea mtumishi. Akashuka Bi. Zuhura na buibui lake. Wimbo ukakatika katikati. "Wa kwenu yuko kwa kuku," akawaambia.

Hakukaa kama mgeni. Alituamuru kitanda kielekee wapi, akawasha jiko, akaweka maji, akaonja ya kisima akasema yana chumvi. Wakati wa kuondoka hawakukumbatiana. Mama Neema alimfunga mtandio vizuri, Bi. Zuhura akamfunga Neema kiatu.

Sasa nimestaafu, kama kuli anastaafu. Kiuno ndicho kilichoandika barua. Vijana wananiulizaga mzigo gani ulikuwa mzito, nawatajia friji, wanaridhika. Hiyo kazi ilinifundisha kupakia vizuri vitu vya watu. Watu wenyewe hawapakiki, sehemu yao inabaki kule unakowatoa, na hakuna kamba ya kuifunga.

Kurudi siku ile, Bi. Zuhura alikaa mbele kati yangu na Dereva. Tukafika Ubungo. Pale akaniuliza, "Kijana, mtu akitaka kwenda kule peke yake, anapanda gari za wapi?"

"Kutoka Temeke mpaka Buguruni, bibi. Buguruni mpaka Ubungo. Ubungo unapanda za Kibaha, unashuka Kibamba."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akawa anayarudia majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, na alipokosea alianza upya kutoka Temeke.