Buibui Ambaye Hakukimbia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nilale kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa umande. Nilikuwa nimevaa sketi mpya na viatu vya kisigino, maana nilikuwa nimeajiriwa katika kituo cha utafiti wa wadudu pale Wundanyi, na mama alikuwa amenisisitizia nivae kama mtu wa ofisini. Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga picha za vitambulisho na za harusi katika studio moja mjini Voi. Nilidhani naijua kamera. Mkuu wa Picha, mwanamume mrefu aliyesema kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani, alinipokea mlangoni, akaviangalia viatu vyangu, akasema, "Wakesho, vua hivyo. Wateja wetu wako chini."

Alinipeleka nyuma ya ofisi. Baridi ya milimani ilikuwa bado haijaondoka, na ukungu ulikuwa umelalia kabichi za jirani. "Huu ndio wakati wetu," akaniambia. "Mdudu akipatwa na baridi hawezi kuruka mpaka jua limpashe joto." Akanipa kamera yenye lenzi ya makro, yaani lenzi inayoweza kukikaribia kitu hadi karibu kukigusa na bado ikakiona sawasawa. Akanionyesha jani moja. Juu yake alikuwa amelala inzi.

Nikaweka jicho kwenye kamera. Macho ya yule inzi yalikuwa mekundu, yamejengwa kwa vyumba vidogo vidogo kama sega la asali. Mwili wake ulikuwa umefunikwa na matone ya umande, na ndani ya kila tone kulikuwa na mlima mzima, umegeuka kichwa chini. Niliinua kichwa nihakikishe kwamba ninachokiangalia ni kile kile kilichokuwa juu ya jani.

"Ni inzi tu?" nikamuuliza.

"Ni inzi tu," akanijibu. "Na huyu ni wa kawaida. Hujaona bado."

Nyinyi vijana mna simu zinazofanya mengi, kwa hiyo niwaeleze ugumu ulikuwa wapi. Ukimkaribia mdudu sana, sehemu inayoonekana wazi kwenye picha inakuwa nyembamba kama karatasi. Sisi tuliiita kina cha fokasi. Vipapasio vya mdudu vikiwa wazi, macho yake yameshapata ukungu. Ukivuta pumzi, umeharibu. Upepo ukigusa jani, umeharibu. Kwa hiyo tulibana vijiti kwa vibanio vya kuanikia nguo, tukakata mitungi myeupe ya maziwa na kuifunika flashi ili mwanga usimchome mdudu, na tukajifunza kubonyeza kamera mwisho wa pumzi, kabla ya kuvuta nyingine. Baadaye tulifundishwa kupiga picha nyingi za mdudu mmoja, kila moja tukisogeza fokasi kiasi cha unywele, kisha kompyuta inaziunganisha ziwe picha moja iliyo wazi kutoka kichwa hadi mkia.

Mkuu wa Picha alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi. "Piga macho. Miguu ikipata ukungu watu watakusamehe. Macho yakipata ukungu huna picha."

Nilikaa Wundanyi hadi alipostaafu. Kisha nikahamishiwa Voi, kwenye kitengo cha buibui. Huko ilikuwa dunia nyingine. Joto, miba, na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya lenzi iliyofungwa. Msimamizi wangu alikuwa Mtafiti Mkuu, mama mmoja wa Mombasa mwenye Kiswahili kitamu na subira isiyoisha. Siku ya kwanza nilipomwita buibui mdudu, alicheka kidogo. "Hesabu miguu, bibie. Huyu ana minane. Wadudu ni majirani zake."

Siku moja alinipeleka nje ya mji, kwenye mgunga mmoja uliosimama peke yake. Kati ya miba kulikuwa na kiota cha nyuzi, kimechakaa kwa vumbi, kama gunia kuukuu la pamba. Kwenye mlango wake alikaa buibui wa kijivu, na juu yake na kando yake walitambaa watoto wadogo kama mbegu za ulezi.

"Sasa anawalisha kwa chakula anachokitapika," akasema Mtafiti Mkuu. "Hivi karibuni hakitawatosha. Watamla yeye. Nimewafundisha wanafunzi jambo hili miaka mingi, lakini sijaliona mwanzo hadi mwisho. Nataka ulipige picha."

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kukaa kwangu Voi kutoka kijijini kwetu Mghange. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alikuwa amesema lazima apasuliwe. Mama alikataa. Ndugu zangu walimsihi, mchungaji alikuja akaomba naye, yeye akashikilia lake. "Nimewalea nyote," alisema. "Kazi yangu imekwisha. Niacheni nipumzike." Na akisema hivyo aligeukia ukuta.

Nilikuwa nikitoka kila asubuhi kwenda kwenye ule mgunga, na moyo wangu unabaki nyumbani. Asubuhi moja mama alinikuta nikifunga mfuko wa kamera, akasema, "Nimechoka kuangalia kuta. Nipeleke huko kwa hao buibui wako." Alikuwa mtu wa kuwafagia buibui bila huruma. Nilimchukua. Nikamtandikia leso kivulini mwa gari, nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaanza kusubiri.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe. Watoto wa buibui waliacha kutambaa ovyo. Walimpanda mama yao mmoja mmoja, wakatulia mgongoni, tumboni, kwenye maungio ya miguu. Nilijua alikuwa na nguvu za kuondoka, kwani muda mfupi kabla alikuwa amesogea kurekebisha uzi. Sasa aliinama kidogo, akaikunja miguu, akatulia. Nilipiga picha. Niliyaweka macho yake kwenye fokasi. Yalikuwa meusi, yanang'aa, na jua lilikuwa ndani yake.

Sikumsikia mama akija. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika bega langu ili asianguke.

"Nionyeshe," akasema.

Nilimfungulia picha kwenye kioo cha kamera, nikaikuza. Aliiangalia kwa muda mrefu sana.

"Wanamfanya nini?"

"Wanamla, mama."

"Na yeye yu hai?"

"Yu hai."

"Mbona hakimbii?"

Nilimwambia tu kile alichonieleza Mtafiti Mkuu, kwamba wasipomla watakufa wote, kwa sababu hawajui bado kuwinda. Mama aliendelea kuangalia mpaka kioo kikazimika chenyewe. Niliogopa. Nilidhani nimemwonyesha kile alichokuwa akikitafuta, yaani ruhusa ya kujiachia.

Tulirudi nyumbani. Jioni, wakati nachambua mchicha, aliniita.

"Wakesho, mpigie yule daktari."

Niliacha mchicha.

"Mimi niliwaambia kazi yangu imekwisha," akasema. "Si kweli. Mimi ninaogopa kisu. Yule mdogo vile hakukimbia, na mimi mtu mzima nakimbia."

Alipasuliwa katika hospitali ya Voi. Alipona, akarudi Mghange, akalima tena viazi na maharage kwa miaka mingi kabla Mungu hajamchukua usingizini. Picha za ule mgunga zilitundikwa ukutani ofisini. Siku Mtafiti Mkuu alipoziona mara ya kwanza, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na hakutufundisha lolote siku hiyo.

Sasa nimestaafu. Naishi Mghange kwenye boma la mama, na jicho langu la kulia limeanza kufifia. Watu huniuliza kama sichoki na vidudu. Nawaambia kwamba katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kumrudia kiumbe yule yule nikamwona vile vile. Ninayoyajua ni machache, na kadiri nilivyokaribia ndivyo yalivyozidi kuwa machache.

Juzi asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kabichi, kioo cha kukuzia mkononi. Jirani yangu alikuwa akipita na kikapu chake cha nyanya, akanisalimu.

"Umepoteza nini, mama?"

"Njoo uone," nikamwambia.

Aliweka kikapu chini, akapiga magoti kando yangu. Nikampa kioo. Alikaa hapo, pumzi ameishika bila kufundishwa, na jua likapanda, na akachelewa sokoni.