Mwiba Niliopimia Vingine

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka, na sitaki ipoe kabla sijakusimulia. Nakuita mwanangu na bado sina unywele mmoja mweupe, nivumilie. Kama walionitangulia wangeniambia jambo hili mapema, nisingelazimika kujifanya mzee leo.

Nilijifundisha kukereza chuma peke yangu, nyumbani kwetu Nengo, karibu na mpaka wa Kongo, kwa kutazama video kwenye simu. Mashine yangu ni ndogo, ya kuwekwa mezani, nami niliinunua ikiwa imeshatumika kwa fundi mmoja wa hapa mjini. Chuma huzunguka, kisu kimetulia. Ukikisogeza, kinamenya chuma kama kiazi. Lakini ncha ya kisu lazima iwe kwenye kimo kilekile cha kitovu cha chuma kinachozunguka. Ikiwa chini au juu, hata kwa unene wa ukucha, kila ukisawazisha uso wa chuma kinabaki kichuchu katikati, mahali ambapo kisu hakifiki. Ndiyo maana chini ya kisu huwekwa vipande vya bati. Vyangu nilivikata kwenye makopo ya nyanya. Na kupima ni rahisi, ndivyo nilivyofundishwa: nyuma ya mashine kuna kichwa chenye mwiba wa chuma. Kisogeze, linganisha ncha ya kisu na ncha ya mwiba, zikigusana, kaza.

Zangu ziligusana. Kichuchu kikabaki.

Sikujua kosa liko wapi, basi nikaliweka kwangu, maana kwangu nafasi haikosekani. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango hurudi kuutikisa. Nilinoa kisu, nikakinoa tena, nikabadili bati, nikalala vibaya. Mwisho nilimpelekea kipande kimoja yule fundi aliyeniuzia mashine. Hakukishika hata. Alicheka mbele ya wateja wake, akaniita mdogo kwa Kifaransa.

“Petit, mashine haidanganyi. Mukono ndiyo inadanganya. We jifunze kwanza, bon?”

Nikasema asante. Hebu fikiria, mwanangu. Nilimshukuru!

Baada ya hapo ndipo alipokuja Mama Zawadi. Huyu ni jirani yetu, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Kongo na wazazi wake, na miguu yake haijawahi kumbeba. Husafiri kwa kiti chake kikubwa cha magurudumu matatu, kile kinachoendeshwa kwa mikono, na juu yake huvusha magunia ya vitunguu mpakani, wasukumaji wakiwa nyuma. Pini ya gurudumu la mbele ilikuwa imelika. Pini mpya ilitakiwa iwe na uso bapa kabisa, ikae vizuri kwenye sahani yake. Ikikalia kichuchu, gurudumu linayumba, na mteremko ukiwa na magunia mgongoni si mahali pa gurudumu kuyumba. Bila kiti, Mama Zawadi alikuwa mtu wa kukaa ndani, na wateja wake ng'ambo walishaanza kuzoea vitunguu vya wengine.

Wasukumaji wake walimketisha mlangoni pangu asubuhi. Akasema hataondoka bila pini.

Nikakereza ya kwanza. Kichuchu. “Samahani, Mama.” Nikakereza nyingine. Kichuchu. “Nisamehe sana.” Iliyofuata niliiombea msamaha hata kabla ya kuiangalia.

“Ni mimi, Mama,” nikamwambia. “Mkono wangu mbaya, hata fundi aliyeniuzia mashine alisema hivyo. Mpelekee mtu mwingine. Hii mashine nitaiuza.”

“Ayi! Petit, unaomba nani musamaha? Mi, ao ile chuma?”

“Wote wawili.” Sikuwa natania.

Alicheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Kisha kicheko kikakatika, na uso ulioonekana nyuma yake sikuwahi kuuona. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

“Sikiliza. Mi nilipokataa kutembea, watu waliambia mama yangu ni kosa yake. Alikula kitu mubaya. Alitukana mutu mukubwa. Ye akaamini! Mupaka anakufa, alikuwa anatafuta kosa yake. Na ilikuwa ugonjwa, petit. Ugonjwa tu! Hakuna mutu alipima kitu. Donc usikae mbele yangu unajipiga na haujapima. Ile sitaki kuiona tena mara mbili.”

“Lakini nimepima, Mama. Nimepima kila kitu.”

Na maneno hayo hayakuwa kweli. Nilikuwa nimepima kisu, bati, chuma, mkono wangu na akili yangu. Ule mwiba wa nyuma sikuwahi kuupima. Ndio niliopimia vingine.

Nikazima mashine. Nilichukua rula ya chuma, nikaiweka kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo, nikasogeza kisu taratibu mpaka rula ikabanwa, ikasimama yenyewe. Kisu kikiwa sawa na kitovu, rula husimama wima. Kikiwa juu, kichwa cha rula kinakukimbia. Kikiwa chini, kinakuinamia. Yangu iliniinamia kama mtu anayetaka kuninong'oneza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama nikautazama ule mwiba na kichwa kilichoushika. Rangi yake ilikuwa kijani iliyokolea kidogo kuliko mwili wa mashine. Kila asubuhi nilikuwa nikikifuta kwa kitambaa! Kilikuwa kichwa cha mashine nyingine, kifupi kwa unene wa bati.

Niliongeza bati moja, kisha jingine jembamba, mpaka rula ikasimama wima. Nikakereza. Mama Zawadi alipitisha kidole gumba kwenye uso wa pini, akarudia, akafumba macho akarudia tena.

“Hakuna kitu,” akasema. “Iko kama kioo. Sasa twende kwa yule mwenye mikono mizuri.”

Wasukumaji wakaleta kiti, tukaifunga pini, wakapakia magunia, tukaenda. Fundi alikuwa na wateja, kama kawaida. Nikamuuliza kile kichwa cha nyuma alikitoa wapi.

“Aa, ile? Ya kwanza ilipasuka, nikaweka ingine. Iko karibu sawa. Nilizani unajua.”

“Karibu sawa?” Mama Zawadi akagonga magunia yake. “Bon. Panda hapa juu, tushuke pamoja na pini ya karibu sawa. Panda, papa! Unaogopa nini?”

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuomba radhi. Nasikia hadi leo bado anawaambia vijana kwamba mashine haidanganyi.

Kinachoniuma si bati wala chuma nilichoharibu. Ni ile asante yangu. Alijua alichofanya, akaniachia aibu nibebe mimi, nami nikaibeba kwa adabu! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mimi nilijinyonga na haki nikajinyima.

Basi shika hili, mwanangu. Mtu akikuambia kosa ni lako, usibishe wala usikubali: pima. Anza na kile ambacho wote wanakiamini, kwa sababu hicho ndicho kisichokaguliwa. Ukipima ukakuta kosa ni lako kweli, likubali na ulisahihishe. Halitakuumiza sana, maana utakuwa umeuona ukubwa wake. Lakini usiombe msamaha gizani. Na siku kijana atakapokuletea kipande chake kibovu, kishike mkononi kabla hujafungua mdomo.

Mungu akunyooshee rula yako na akutulize moyo wako. Na siku utakapoanza kujipiga bure, amketishe mlangoni pako mtu mwenye hasira njema, asiyekubali kuondoka.