Pedeli ya Mguu Mmoja

Usiku ule nililala nimevimba kwa hasira, hata chakula sikukigusa. Mota ya cherehani yetu ya ngozi ilikuwa imeungua mchana, na Hamisi, mwenzangu wa karakana, alikuwa ameshaamua: tuing'oe, tufunge pedeli, tushone kwa kukanyaga kama mafundi wa zamani, tuachane na habari za umeme. Wazo zuri. Kisha akanigeukia mbele za wateja, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa: "Ila dada Zaina, pedeli inataka miguu miwili. Wewe utahamia kwenye gundi. Kazi nyepesi."

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo. Lakini cherehani ile niliachiwa mimi na Fundi Mbaruku, aliyenifundisha kazi, na tangu tumzike ni mimi ninayeshona soli na mabegi ya karakana nzima. Gundi! Miaka yote hiyo nashona, leo nikapake gundi.

Usingizi ukanipitia na hasira zangu. Nikamwona Fundi Mbaruku amekaa kwenye kigoda changu, aproni ya turubai kiunoni, sindano mdomoni kama kawaida yake. Sikumwamkia. Mzee yule, tena marehemu, nami shikamoo sikumpa, kwa jinsi nilivyokuwa na uchungu naye.

"Umekufa bila kuwaambia wenzangu kuwa cherehani umeniachia mimi," nikamwambia.

Karakana ikawa ua wa nyumbani kwetu Kondoa, cherehani iko katikati ya ua, imeshafungwa pedeli pana ya chuma, na kuku wanapita chini yake. Fundi anakanyaga. Cherehani haingurumi, inashona taratibu, tundu baada ya tundu, katika ngozi nene ya ng'ombe. Naitazama miguu yake ili nizidi kukasirika. Mmoja tu ndio unaofanya kazi. Wa pili ameukunja chini ya kigoda, umejipumzikia.

"Nani alikupima?" ananiuliza.

"Kunipima nini?"

Anashuka, anachuchumaa mbele yangu, anatandika kipande cha boksi chini. Anaushika mguu wangu wa kulia, ule mzima, anaukanyagisha juu ya boksi na kuuzungushia penseli, kama tunavyowafanyia wateja kutwa. Nasikia ncha ikinitekenya unyayoni.

Hapo hasira ikanipanda upya, ila sasa haikuwa juu yake. Sisi kazi yetu ni kupima miguu ya watu! Mteja mwenye vidole vinne tunampima. Mwenye kisigino kilichopinda tunampima mara mbili, wala hatumwambii akavae kiatu cha mwenzake. Mimi hakuna hata mmoja aliyeinama. Hamisi aliipigia pedeli hesabu kwa miguu yake mwenyewe, akaniondoa. Nami, fundi mzima, nikakaa kimya nikamwachia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Fundi anasimama, anagonga gurudumu dogo la pale juu, ubavuni mwa cherehani, linalopokea mkanda.

"Hili lilikuwa la mota," anasema. "Mkiliacha, hata huyo Hamisi na miguu yake miwili atakwama kwenye ngozi nene. Fungeni kubwa. Litakwenda polepole, lakini mguu mmoja utalizungusha. Na pedeli isogezwe kulia."

"Nikiwaambia, watauliza nani kasema."

Ananitazama kwa ukali, jinsi alivyokuwa akinitazama nikikata ngozi vibaya. "Cherehani ni ya nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaamka. Kumekucha. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unasukuma ubao wa kitanda, unasukuma na kuachia, na shuka lote liko sakafuni.

Chai sikungoja. Nilipofika karakana Hamisi alikuwa amelala chali chini ya meza ya cherehani, spana mkononi, anajiandaa kufunga pedeli katikati.

"Toka hapo," nikamwambia. "Cherehani yangu hiyo. Gurudumu la juu linabadilishwa, tunatafuta kubwa, na pedeli inakaa kulia."

"Dada Zaina, mbona asubuhi asubuhi..."

"Leta boksi na penseli, unipime."

Akatoka uvunguni amejaa vumbi. Akaangalia miguu yangu, akatazama pembeni kwa haya, akakuna kichwa. Nami sikumsaidia kwa neno wala kwa tabasamu, nilimsimamia tu.

Akachuchumaa.