Mbuzi Ndani ya Achari

Miaka ile ya tisini nilikuwa msomi hatari. Mchana nilikunja maboksi kiwandani, jioni nilisoma hesabu za gharama za viwanda, na haukupita muda nikawa siwezi kununua mkate bila kujiuliza kama mwokaji alikumbuka kuhesabu umeme wa tanuri.

Shangazi yangu wa mtaa wa Thorncliffe Park, huko ughaibuni tulikohamia, alitengeneza achari ya ndimu na pilipili, kali ya kumfufua maiti akaomba maji. Mwenye duka mmoja wa mtaa wa Agincourt akataka apelekewe kila wiki, kwa bei moja isiyobadilika mwaka mzima. Alingoja jibu Jumatatu. Shangazi alikuwa akisafisha ofisi za Don Mills, magoti yamemchoka, na mkataba huo ndio ungemtoa huko. Akaniita nimkagulie bei.

Bei yake ilikuwa na ndimu, pilipili, mafuta na chupa. Nikamuuliza gharama ya wafanyakazi iko wapi.

"Wafanyakazi gani? Wale mawifi zangu. Wananisaidia bure."

Jumamosi nikaenda kuwaona hao wa bure: dada watatu wa mumewe. Walianza na chai ya maziwa na maandazi, maana wifi hashikishwi kisu kabla ya chai. Zikakatwa ndimu kiasi. Ikaja pilau ya mbuzi, maana wifi halishwi mkate. Wakajinyoosha kidogo, wakakata tena, ikaja chai ya pili. Mlangoni zilikwisha pangwa bakuli za pilau za kwenda nazo, na chupa za "kuonja" zinazotosha kufungua duka. Teksi alilipa Shangazi.

Nikapiga hesabu pale pale mezani mpaka kalkuleta ikatoka jasho. Kila chupa ilikuwa na kipande cha mbuzi ambacho mnunuzi hakukiona. Kwa bei ile, kadiri Shangazi angeuza achari nyingi, ndivyo angesafisha ofisi nyingi kuilipia. Nikalisema hilo kwa sauti ya mwalimu.

Wifi mkubwa akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo hasara ni sisi, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba kitabuni wanaitwa gharama. Akasema hajapata kutukanwa kwa adabu namna ile.

Nikashauri walipwe mshahara, waje na chakula chao. Shangazi akanitazama kana kwamba nimeshauri tumuuze babu. Wifi yake aingie kwake na mkate mfukoni? Watu wangesema nini?

"Basi kazi izunguke," akasema wifi mkubwa. "Leo kwako, wiki ijayo kwangu. Mwenye nyumba apike. Teksi kila mtu ajilipie, si anakwenda kula?"

Nikawaeleza kuwa gharama haijafa, imehamia tu majikoni mwao, na mwalimu wangu angeikataa hesabu hiyo. Nani wa kunisikiliza? Walikwisha anza kubishana nani atapika biriani.

Kwenye bei nikaongeza pilau ya zamu ya Shangazi peke yake. Jumatatu mwenye duka akalalamika kama ada, kisha akakubali. Jioni Shangazi akarudisha funguo za ofisi, nami nikamsindikiza, kwa kuwa alitaka shahidi. Ndani ya basi alikuwa na onyo moja tu.

"Ukiwafundisha mawifi zangu hesabu hizi, nakukana."